Kwenda Itigi Kumtetea Yohana

Rafiki zangu wa Kiomboi, kila anayepita Ulemo siku ya gulio ananisimamisha kuniuliza ilikuwaje huko Itigi, na kila mmoja anaondoka na kipande chake, akifika mbele anakitia chumvi. Nimesikia sasa kwamba nilipigana na mtu stesheni ya Manyoni. Sikupigana. Nilimshika shati tu. Basi nimekaa chini kuandika mara moja, msome mpokezane, mniache nifanye kazi. Ila karatasi hizi zisirudi Ulemo. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Kwa wale ambao hamkumjua Yohana: alikuwa kaka yangu, tumefuatana ziwa. Biashara zilipofunguliwa na vitu vikaanza kuonekana madukani, yeye ndiye aliyeleta video Ulemo. Deki, televisheni ndogo, jenereta linalonguruma nyuma ya ukuta, banda la udongo lenye magunia madirishani ili mwanga wa mchana usiingie. Picha zilikuwa za Kiingereza na watu wetu Kiingereza wanakisikia kwa mbali, kwa hiyo Yohana alisimama kando ya televisheni na maikrofoni akatafsiri. Bibi akiongea, Yohana anaongea kibibi. Mwovu akicheka, anacheka mpaka watoto wanajificha. Kuna waliokuja kumsikiliza yeye tu, picha hawaitazami.

Iliyotushika zaidi ni ile ya fundi wa vyombo vya angani aliyepigwa na mwanga wa nyota mikononi, akawa na nguvu ya kunyanyua nyumba. Jina lake la Kizungu lilitushinda, tukamwita Mikono. Sehemu ya pili walikuja viumbe wa macho matatu, na chombo chao kikubwa kikawa kinaangukia mji wenye watu. Mikono akakibeba mabegani hadi baharini, akazama nacho. Yohana akatutafsiria maneno yake ya mwisho, akawaaga rafiki zake mmoja mmoja, kisha akazima deki. Akasema, "Amekufa. Imekwisha."

Mnajua sheria ya banda lolote la video: steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Siku ile sheria ilivunjwa Ulemo. Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wenye ng'ombe zao walitoka wakijifuta macho kwa kanzu na makoti. Mwaka uliofuata kifua kilimchukua Yohana mwenyewe, na maikrofoni nikaichukua mimi, Zakayo, ambaye Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na sauti yangu ni moja tu.

Sasa Masanja. Huyu ni Msukuma, mnunuzi wa ngozi, anazunguka mkoa mzima. Msukuma na Mnyiramba ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata penye msiba, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya kumzika Yohana, Masanja alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Alipewa. Ndiyo mila, na nakiri ilitusaidia kupumua. Lakini mwaka huu aliingia bandani siku ya gulio, watu wamejaa, akapaza sauti: "Wanyiramba, mmeliwa! Nimetoka Itigi. Sehemu ya tatu imetoka na Mikono ni mzima kama jogoo. Yohana wenu alikuwa mwongo!"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Baada ya wiki mbili ikawa mtu akisimulia jambo lisiloaminika, mwenzake anamwambia, "Hiyo ni ya Yohana." Jina la kaka yangu, aliyekaa miaka akiwatoa jasho na machozi, likawa jina la uongo. Mama alilisikia kisimani kutoka kwa wanawake waliodhani hayupo. Alirudi, akatua ndoo, akaniambia, "Nenda Itigi ukaangalie kwa macho yako. Ukirudi uniambie mimi kwanza."

Nikaenda. Na mjue kwamba niliondoka na hasira debe zima, nikiwa sina wa kummiminia, maana kwa mtani hairuhusiwi.

Ulemo hadi Singida: juu ya vitunguu

Lori lilikuwa la vitunguu na dereva alikuwa na ugonjwa wa kuku. Kila kijiji alisimama, akashuka, akambinya kuku kifuani, akabishana, akapanda. Kabla ya Iguguno gurudumu likapasuka. Jeki haikuwepo. Aliiazimisha, akasema, kwa namna ya mtu aliyefanya wema na anangoja kushukuriwa. Tukakaa juani tangu saa tatu hadi saa nane tukisubiri lori jingine lenye jeki, na vitunguu chini yetu vikaanza kutoa harufu ya kututoa machozi bila msiba.

Walikuwepo vijana wawili wa Shelui, na kumbe nao ni wapenzi wa Mikono. Mmoja akasema picha ya kwanza ndiyo picha, zinazofuata zote ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Nikampa mkono. Mwenzake akasema ya pili haikuwa mbaya, hasa harusi.

"Harusi gani?" nikamuuliza.

"Mikono anapomwoa yule daktari mwanamke. Mwishoni."

Nikamwambia hakuna harusi, kuna bahari. Akaapa. Tulibishana mpaka ikajulikana kwamba deki ya Shelui ilikula kanda katikati ya picha, na mtafsiri wao, kuliko kukabiliana na watu wenye ghadhabu, akawamalizia kwa mdomo. Akawapa harusi, na ng'ombe wa mahari.

"Na mkaamini kwamba Mzungu alitoa ng'ombe?"

"Alisema thelathini," yule kijana akajibu, na akaanza kuniangalia vibaya.

Nilichukizwa sana na mtafsiri yule. Lakini moyoni nilifurahi pia. Kumbe waongo wapo, na wanajulikana wako wapi. Yohana hakuwa wa aina hiyo. Yohana alisoma misheni, aliandikiana barua na mapadri kwa Kiingereza. Jeki ilipopatikana nilikuwa wa kwanza kusukuma.

Unyambwa: mafundi wa kila kitu

Singida nilifikia kwa shangazi yangu Unyambwa. Nilimpa shikamoo, akanijibu marahaba, akaniuliza habari za mama, za mtama, za mbuzi, akaniuliza kwa nini nimekonda. Kuhusu Mikono hakuniuliza kitu. Asubuhi nikatoka kwenda kwa Juma, fundi baiskeli wa pale njiani, kwa sababu shangazi alisema kijiweni kwake ndipo wanapokaa wasio na kazi wanaozungumza video.

Walikuwa watano, na wote walikuwa wameiona sehemu ya tatu hapo mjini. Nilikuta moto unawaka.

"Wamembadilisha!" Juma alikuwa anasema, tairi mkononi. "Sura nyingine, pua nyingine. Halafu hawasemi kitu. Wanatuona sisi vipofu?"

Mwingine akasema kinachomuuma ni yule daktari. Picha mbili nzima anamsumbukia Mikono, sehemu ya tatu hayupo, hatajwi, hata picha yake ukutani hakuna. Wa tatu akasema wale viumbe sasa wana macho mawili.

"Jicho la tatu wameliweka wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Jamani, nilijisikia nyumbani. Ni mara chache unakutana na watu wenye hasira inayofanana na yako. Nikasema nao, nikalaani nao, nikasema watu hawa wakishaona tumependa kitu wanakirudisha kikiwa kimepoa, wanatuambia tule. Juma akaniletea kigoda. Kisha nikauliza lililonitoa Ulemo: "Na hilo la kumfufua mtu aliyekufa, mlilichukuliaje?"

Wakatazamana.

"Nani kafa?" Juma akauliza.

"Mikono. Sehemu ya pili. Baharini."

"Hakufa, ndugu yangu. Alizama. Mwishoni mkono unatoka majini, kisha wa pili. Wewe uliitazama au ulisimuliwa?"

Nikawaambia kanda yao ni bandia, imerekodiwa juu ya nyingine. Nikawaambia kanda nzuri zinapitia Itigi kwa treni, za Singida mjini ni makombo. Hapo kigoda kikawa si changu tena. Juma akasema kila mtoto anajua steringi hafi. Nami nikasimama nikamwambia kama steringi hafi, basi kwa nini ulishika benchi kwa mikono miwili alipokuwa anaanguka? Kwa nini moyo ulikudunda? Mtu ambaye hawezi kufa, ushujaa wake ni upi? Kaka yangu alitupa steringi anayekufa kama watu, na tulimheshimu kwa hilo.

"Kaka yako ndiye aliyekuwa anatafsiri?" Juma akauliza polepole.

Shangazi alikuwa amesikia kelele, akaja na khanga yake kichwani akasema mbele ya wote, "Zakayo, hukuja kwangu kugombana na mafundi baiskeli. Njoo ule." Nikala. Hata sikumbuki nilikula nini.

Issuna: kipaja cha kuku

Basi la kwenda Manyoni lilikufa Issuna. Natumia neno hilo makusudi. Injini ilikohoa, ikanyamaza, utingo akafungua boneti akaangalia ndani kwa heshima, akaifunga. Tukaambiwa dakika kumi. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara.

Nilikwenda kula kwa mama mmoja sokoni, mwenye banda la nyasi na masufuria matatu: ugali wa uwele, mlenda, kuku. Abiria wenzangu wawili walikuwa tayari wanajua habari yangu, maana nilikuwa nimewaeleza tangu Ikungi, na walikuwa wamegawanyika. Mmoja alisema alizama akafa. Mwingine alisema maiti haikuonekana, na bila maiti hakuna kifo. Nikamwambia bahari ile ilikuwa na kina, maiti itaonekanaje? Mama yule alikuwa anatusikiliza huku anapakua. Ghafla akasimama na mwiko.

"Poleni," akasema. "Alikuwa nani wako, baba?"

Kabla sijafungua mdomo, mmoja wa wale wasafiri wenzangu akasema, "Kaka yake ndiye aliyetoa habari za kifo," na kwa hilo akawa amesema kweli, akaharibu kila kitu. Mama akaniambia kufa maji ni kubaya kuliko vifo vyote, kwamba mdogo wa mumewe alichukuliwa na mto wakati wa masika na mpaka leo wanaangalia njiani. Akaniwekea kipaja juu ya sehemu yangu. Akakaa karibu yangu nile.

Nilitaka kumwambia hapana, mama, si msiba, ni picha ya video. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Kisha nikakumbuka kwamba ni msiba. Kaka yangu amekufa kweli, na tangu Masanja aseme neno lake hakuna mtu Ulemo aliyenipa pole, walinipa kejeli tu. Nikala kile kipaja chote, nikalamba vidole, nikamshukuru, na nikashindwa kumtazama usoni.

Manyoni: suala la shati

Treni ya kwenda Itigi ilikuwa ya saa nne asubuhi. Hivyo ndivyo ubao ulivyosema. Saa nne ilipita, saa sita ikapita, na mwenye kofia wa stesheni akituambia kila tukimuuliza kwamba imeshatoka Dodoma. Naamini ilikuwa imetoka. Hakuna aliyesema imetoka siku gani.

Kwenye jukwaa kulikuwa na mama wa Kigogo aliyekalia madumu yake ya asali, na kijana mmoja msafi, mwanachuo wa ualimu anayekwenda Tabora, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mpole. Alinigawia karanga. Nikafikiri huyu ana elimu, huyu atanipa haki yangu, nikamsimulia yote.

Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Tatizo, kaka, ni hawa watafsiri wa vijijini," akasema. "Kiingereza hawajui. Wanabuni. Wanadanganya watu wasiojua, na watu wanafurahi."

Hapo ndipo nilipomshika shati. Sikumpiga, narudia. Nilishika hapa kwenye kola, nikamwambia arudie. Kalamu moja ikaanguka. Yule mama wa asali, bila kuinuka juu ya madumu yake, akasema, "Shati limekukosea nini, wewe? Ataripoti chuoni bila kola?"

Watu wakacheka, nami nikaachia. Kijana akajinyoosha, akaokota kalamu yake. Akauliza mtafsiri huyo alikuwa nani wangu. Nikamwambia. Akauliza yuko wapi sasa. Nikamwambia hilo pia. Akaniomba radhi kwa moyo wote, kwa adabu, na akaniongezea karanga. Lakini hakusema kwamba amekosea. Alikuwa ameiona picha ile Dodoma, akaniambia kwa sauti ya chini, na mkono ulitoka majini.

Huyo alikuwa wa saba kusema hivyo, ukimhesabu Masanja. Treni ilipofika niliingia, nikakaa dirishani nikitazama vichaka hadi Itigi, na nilimchukia kila mtu aliyekuwa behewani kwa sababu hakuna aliyekuwa ananibishia.

Itigi: kwa Mzee Sefu

Banda la Mzee Sefu liko nyuma ya duka lake, hatua chache kutoka relini. Kanda zake zote huja na treni, na yeye ndiye aliyekuwa anamwazima Yohana. Ni mzee wa kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanitazama kwa muda.

"Wewe ni mdogo wake Yohana," akasema. "Umesimama kama yeye. Ingia."

Alinipa maziwa ya mgando yenye asali kwanza, hakutaka kusikia chochote kabla sijamaliza. Saa za picha zilikuwa bado, benchi zote zilikuwa tupu. Nikamwambia nataka sehemu ya pili, kanda ile ile aliyoichukua kaka yangu. Akaitafuta rafuni, akaipata, bado ina karatasi yenye mwandiko wa Yohana. Akaiingiza kwenye deki.

Niliitazama yote bila mtafsiri. Nilisikia sauti ya Yohana kila mahali, na kila mahali maneno ya Kiingereza yalikuwa ndiyo yale aliyotuambia. Nataka mlielewe hili nyote mnaocheka: alijua Kiingereza. Hakubuni hata salamu. Mikono akabeba chombo. Mikono akaanguka. Hakuaga mtu yeyote. Maji yakafunga juu yake, pakawa giza, na hapo ndipo Yohana alipozima deki. Mzee Sefu hakuzima. Mapovu yakapanda. Mkono ukatoka majini ukiwaka. Kisha wa pili.

"Simamisha," nikasema.

Akasimamisha. Picha ikabaki inatetemeka kwenye kioo.

"Yohana aliiona hii?"

"Aliiona hapo ulipokaa wewe. Mara mbili." Mzee Sefu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mara ya pili aliniomba nisimamishe anapozama. Akaniuliza sehemu ya tatu itatoka lini. Nikamwambia wale huchukua miaka miwili, mitatu. Akakohoa sana. Unajua alivyokuwa anakohoa. Halafu akacheka. Akasema, 'Mzee, miaka miwili mimi sina. Nikiwaachia Mikono majini, nani atawatolea? Bora nimzike mwenyewe.'"

Rafiki zangu, nilikuwa nimebeba hasira kutoka Ulemo hadi Itigi nikitafuta mahali pa kuitua, na sasa nilipapata. Ilikuwa kwa Yohana. Tulilala nyumba moja. Tulikula sahani moja. Nilikuwa nikimwuliza kila jioni kifua kikoje, ananiambia ni vumbi. Akasafiri siku tatu kwenda kumwambia muuza duka kwamba anakufa, mimi akaniambia vumbi! Na "nani atawatolea," maana yake nini? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakaa karibu na deki kila gulio, nikimwangalia mdomo, nikijifunza. Hakunifikiria hata kidogo? Niliyasema haya kwa sauti kubwa mbele ya mzee wa watu, nikapiga benchi ngumi, na yeye akaniacha. Nilipochoka akaniuliza kama nataka kuiona ya tatu.

Nikamwambia sitaki kumwona huyo mtu. Mzee Sefu akaifunga kanda ya tatu kwenye gazeti, akanipa. "Basi utamwona pamoja na watu wako," akasema.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kuwaambia. Hakuna kilichoharibika, na hilo nalo lilinikera, maana sikutaka kufika.

Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Nilimwambia yeye kwanza, kama alivyotaka.

"Alidanganya?" akauliza.

"Alidanganya, mama. Alijua Mikono hakufa." Nikamweleza na sababu, neno kwa neno la Mzee Sefu.

Ungo wake haukusimama. "Alijua tangu lini?"

"Tangu mavuno yale, alipokwenda Itigi."

"Mimi aliniambia ni vumbi la mtama," akasema. Akapepeta mpaka mtama wa ungoni ukaisha. Kisha akasema siku ya gulio atakuja bandani, yeye ambaye hajawahi kukanyaga pale hata siku moja, akisema ni mahali pa wavivu.

Alikuja. Alivaa khanga zake za kanisani, akaketi benchi la mbele, na watu wakasogea kumpisha. Banda lilijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Masanja alikuwa benchi la mbele pia, ng'ambo ya pili, ametandaza miguu na anacheka kabla ya chochote kutokea. Nikawasha maikrofoni. Nikasema Mikono hakufa. Nikasema Yohana aliwadanganya na alijua anawadanganya, kwa sababu alikuwa anakufa yeye na hakutaka kuwaachia mtu majini. Nikasema atakayetaka kumwita mwongo sasa amwite, nimemaliza kubisha. Hakuna aliyemwita. Hata Masanja alikunja miguu.

Nikaweka kanda.

Picha ilianza na bahari ile ile, na ile mikono ikatoka. Jamani, kelele! Watu walirukaruka, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wale wale waliolia wakawa wanapigana mabega. Mwanamume mwenye pua nyingine alitoka majini akajikung'uta, hana hata jeraha, akaanza kutembea. Wote walifurahi isipokuwa mimi. Nilisimama pale na maikrofoni nikimchukia mtu yule kwa jinsi alivyorudi kirahisi. Nani alimpa ruhusa? Kuna watu wanaozikwa wakabaki huko, na mama zao wamekaa benchi la mbele.

Akatembea mpaka kwenye nyumba ndogo yenye taa dirishani. Akagonga. Ndani alikuwepo mwanamke mzee, amekaa mezani peke yake. Akagonga tena, akaweka paji la uso kwenye mlango, akasema kwa Kiingereza rahisi ambacho hata mimi hakikunipa taabu: Mama, ni mimi. Nimerudi. Nifungulie.

Sikutafsiri.

"Anasema nini?" watu wakaanza kuita. "Zakayo! Tafsiri! Anasema nini?"

Mama alikuwa amegeuza uso kutoka kwenye televisheni na ananitazama mimi. Alikuwa anangoja kama wengine.

"Anaomba maji," nikasema.

Nikamwangalia Masanja. Yeye alikwisha kuiona picha ile Itigi, alikuwa anajua kila neno. Na ni mtani, ndiyo kazi yake, hakuna nafasi bora zaidi ambayo angeipata maishani mwake. Alinitazama, akamtazama mama. Akafungua mdomo.

"Si mumpe basi hayo maji!" akapiga kelele. "Wanyiramba wachoyo hata kwenye video!"

Banda zima likaangua kicheko, na mama naye akacheka, na pale kwenye picha yule bibi akainuka kwenda kufungua mlango.